Rangi ya Tumbo la Amahoro

Jumatatu, 29 Julai

Ziwa bado limefungwa. Tangu Mei ni marufuku kuvua, eti samaki wazaane. Samaki wanazaana, sisi tunakonda. Leo bugali na sombe, majani yaleyale ya muhogo. Jana sombe na bugali. Sidonie, mke wangu, ananiambia nishukuru Mungu. Nimeshukuru. Sijashiba.

Lakini leo nimemjua adui wangu! Msimu uliopita jirani yetu Clovis alikuwa wa kwanza kufika ufukoni kila asubuhi na ndagala zake, wale samaki wadogo. Wanunuzi wote kwake. Boti yetu ilifika wakati wanunuzi wameshakwenda kunywa chai. Wenye wivu wanasema ni kwa sababu Clovis anatoka mapema na minye nachelewa kuamka. Uongo mtupu. Leo nimezunguka nyuma ya nyumba, nimeitazama Amahoro pale ilipolala kifudifudi juu ya mchanga, na nimeona ukweli kwa macho yangu. Tumbo lote lina ndevu! Ndevu za kijani, zile zinazoota kwenye mbao zikikaa majini. Zimenyauka, lakini ziko. Boti yenye ndevu itamshinda nani?

Inatakiwa rangi. Si ya ukuta. Rangi ya tumbo, ile inayoua ndevu kabla hazijaota. Nitaichagua kwa akili. Nina diploma ya serikali ya biashara, Commerciale, na sikuipata kwa kuomba.

Nimeondoa pia magunia ya zamani ambayo mtu ametandaza juu ya tumbo lake. Machafu. Yameloa. Nimeyatupa.

Jioni Achille amepiga simu. Huyu ni kaka ya Sidonie. Tangu ziwa lifungwe yuko Kiringye, analima mpunga. Amesema hana maneno mengi, kisha akasema mengi. Kwa kifupi: Amahoro ni boti ya marehemu baba yao, mzee Pierre, aliyeitengeneza kwa mikono yake, ubao kwa ubao, na ndiyo ya mwisho aliyoitengeneza. Tumeachiwa sisi kwa sababu Sidonie aliililia. Ziwa linafunguliwa tarehe 15 Agosti. Siku hiyo Amahoro isipoingia majini ikiwa nzima, familia itaichukua, itapelekwa Mboko kwa mama yao, na minye nitatafuta kazi nyingine ya kuharibu.

Sidonie alisikia yote. Akaenda kukaa karibu na boti mpaka giza likaingia. Bila boti hana ndagala za kuanika, na bila ndagala sijui tutakula nini.

Atashangaa. Siku hiyo Amahoro itaingia majini ikiteleza.

Jumatano, 31 Julai

Vumbi. Upepo. Milima yote imefunikwa na moshi wa majani yanayochomwa. Kichwa kinaniuma.

Nimeanza majaribio. Mbao tatu. Ya kwanza nimepaka lami, ile gudron ya barabara. Ya pili rangi ya mafuta iliyobaki ya mlango wetu. Ya tatu ni uvumbuzi wangu mwenyewe: mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, masizi ya sufuria, tumbaku, na pilipili ya kusaga, nyingi sana. Ndevu gani zitaota kwenye pilipili? Nimezisimamisha mbao zote ufukoni kwa vigingi, nusu ndani ya maji. Baada ya siku chache ile isiyo na ndevu ndiyo itakuwa mshindi.

Clovis amepita. Ameuliza kama ninajenga choo. Nimemjibu kwa heshima kwamba hii ni sayansi. Amecheka mpaka akashika magoti.

Na acheke! Boti yake mwenyewe imezama! Ndiyo, imezama, pale karibu na ufuko, imejaa maji na mawe, ncha tu ndiyo inaonekana. Tangu Juni iko vile. Hata hajisumbui kuitoa. Mtu mvivu namna hii ananicheka minye. Nimelala na furaha kidogo, ya kwanza tangu Mei.

Ijumaa, 2 Agosti

Msiba.

Asubuhi nilisikia kelele mlangoni. Noella, mwanamke anayefua nguo za watu pale ufukoni. Alikuta mbao zangu zimesimama vizuri, akafikiri zimewekwa na wafadhili kwa ajili ya wafuaji. Akazitumia jana kutwa. Ametwanga na kusugua juu yake nguo za nyumba nzima ya mwalimu mmoja, suruali za ndani pia. Mwalimu alizivaa leo. Hakufika mbali. Alikimbilia ziwani na kukaa ndani ya maji mbele ya wanafunzi wake waliokuja kuteka.

Noella aliniita majina ambayo siandiki. Nilimweleza kwamba ameharibu majaribio. Akaniuliza kama ninataka anisugue na minye pia.

Nilikwenda kuangalia mbao. Ile ya gudron imeibiwa, labda kwa kuni. Mbili zilizobaki ni safi kabisa, hazina hata unywele wa kijani. Sasa nitajuaje kama ni rangi au ni Noella?

Sidonie alimpelekea mwalimu mafuta ya kujipaka. Aliporudi aliniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini nimeondoa magunia kwenye boti. Nikamwambia tumbo linapaswa kukauka. Akanitazama sana. Akasema baba yake hakuwahi kupaka rangi chini, na Amahoro ilikuwa inakimbia. Nikamwambia dunia inakwenda mbele. Akaingia ndani.

Jumapili, 4 Agosti

Imepatikana!!

Baada ya misa nilikwenda kwa Ngoga, yule muuzaji wa vitu vinavyotoka Kalundu bandarini. Ana kopo kubwa, zito, limepita Kigoma, limetoka Dar es Salaam. Juu yake pana picha ya meli ndefu kuliko avenue yetu, na chini ya meli konokono na makombe yanakimbia kwa hofu. Ni rangi nyekundu ya tumbo, ya meli za bahari kuu. Ngoga ameniapia kwamba hakuna mdudu wa baharini anayeweza kushika hapo. Mzee mmoja aliyekuwa pale akasema ziwa letu halina hayo makombe, ni maji baridi. Nikamwambia ndiyo maana: ikiwa inaua makombe, ndevu zitafanya nini?

Sikuwa na kitu cha kumpa Ngoga isipokuwa koti langu la arusi. Amelivaa palepale. Linamkaa vizuri kuliko minye. Inauma.

Ngoga alinisomea maelezo kwa simu yake, ile inayotafsiri. Jambo ni moja kubwa: ubao uwe mkavu kabisa. Mkavu, mkavu, mkavu. Kisha tabaka mbili.

Nimelificha kopo chini ya kitanda. Sidonie aliuliza koti liko wapi. Nikasema nimemwazima mtu. Si uongo sana.

Jumanne, 6 Agosti

Kuna mtu mbaya hapa Kilibula.

Leo niliamka mapema, jambo gumu, nikaenda kugusa tumbo la Amahoro kama limekauka. Limeloa! Limeloa chapachapa, na mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano. Mchanga wote chini umelowana. Mtu amemwaga maji makusudi!

Nani? Si la kuuliza. Clovis. Yeye boti yake imezama, hataki yangu ikauke. Nimekwenda kumwambia usoni kwamba namjua. Akaniuliza ninamjua kwa lipi. Nikasema kwa maji. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa, akasema: "Papa Eliane, weye iko unaachilia boti inakauka hivi? Kweli?" Kumbe ananipima! Nikamwambia kila mtu ashike yake. Akasema basi, ameshika.

Nimeifunika Amahoro kwa shitingi, zile turubai za wakimbizi, nimefunga kamba pande zote. Aje sasa.

Alhamisi, 8 Agosti

Sijui niandike vipi.

Jana pia niliikuta imeloa chini ya shitingi, na kamba zimefungwa upya vizuri kuliko nilivyofunga. Kwa hiyo leo alfajiri nilijificha nyuma ya jiko na fimbo. Nikasikia nyayo. Nikasikia maji yakimiminwa. Nikaruka!

Ni Sidonie.

Amesimama na ndoo ya baba yake, ile ya bati yenye kiraka. Kumbe ameifanya kazi hii kila siku tangu boti ipandishwe Mei, minye nikiwa nimelala. Magunia yale yaliyoloa pia yalikuwa yake. Akasema marehemu alikuwa anafanya hivyo kila mara ziwa likiwa baya na boti ikikaa nchi kavu: asubuhi maji, jioni maji. Akasema, "Mbao zinasikia kiu." Na akasema, akishika ule mpini, kwamba akimwaga maji anakuwa kama anazungumza na baba yake, na kwamba Amahoro ikienda Mboko hatakuwa na kitu cha baba hapa, hata kaburi liko kule.

Alilia. Nampenda huyu mwanamke. Karibu nimwambie mambo ya koti.

Lakini lazima mtu mmoja ndani ya nyumba afikiri. Kopo limesema kavu. Wiki moja imebaki. Nikamwambia kwa upole kwamba huzuni ni huzuni na rangi ni rangi. Akaniita Bonaventure. Ananiita jina langu tu mambo yakiwa mabaya sana. Siku nyingine zote ni Papa Eliane, kwa jina la binti yetu.

Hataacha kumwaga. Namjua. Inabidi boti ihame.

Jumamosi, 10 Agosti

Mgongo. Magoti. Heshima. Vyote vinauma.

Sidonie na binti yetu Eliane walikwenda kulala Makobola kwa matanga, wanarudi kesho. Nafasi! Nilikusanya wanaume kumi na wawili kwa jerikani mbili za kasiksi, pombe ya ndizi. Tukaigeuza Amahoro, tukaiweka juu ya vigogo vya migomba, tukaanza kuisukuma kwenda Songo, kule juu, kwenye tanuru la matofali la mtu mmoja wa bonde ninayemjua. Pale udongo wenyewe unawaka. Pale hata jiwe linakauka.

Watu wa Kilibula hawana haya. Walitoka wote. Wakapiga kelele: "Papa Eliane, ziwa iko nyuma!" Wakaanza kuimba. Kwenye barabara kubwa pikipiki zote zikasimama, zikapiga honi. Mtu wa roulage, polisi wa barabarani, akapuliza filimbi, akauliza hati za gari. Nikasema si gari. Akauliza basi hati za boti. Nikasema boti iko nchi kavu. Akafikiri sana, akashindwa kupata kosa, akakasirika, akatusindikiza mpaka mwisho wa avenue ili asipoteze siku.

Clovis alisimama mlangoni kwake. Hakucheka. Alitikisa kichwa tu. Wivu umemfikia.

Sasa Amahoro imelala ubavuni mwa tanuru, kifudifudi, na moto unavuma upande wa pili. Mbao zinalia, kah, kah, kah. Hiyo ndiyo sauti ya kukauka. Nimekaa kuisikiliza kama redio.

Jumatatu, 12 Agosti

Kavu! Kavu kabisa! Leo niliingia chini yake nikaangalia juu: jua linapita katikati ya mbao! Mistari ya mwanga kutoka mbele mpaka nyuma, mizuri kama kanisani. Hata kidole kinaingia mahali pengine. Sijawahi kuona ubao mkavu namna hii. Pamba ya kuzibia imetoka yenyewe, nimeiokota, nimejaza mfuko. Nimeona haina kazi tena kwa vile rangi ni nzito.

Nimepaka. Tabaka moja, kwa sababu siku ni chache. Mahali penye nafasi kubwa nimejaza rangi kwa kijiko. Nyekundu! Nyekundu ya kweli, ya meli. Wanaume wa tanuru waliacha matofali yao wakaja kutazama. Mmoja akasema hata kuzama nayo si aibu. Mtu wa bonde, hajui boti.

Nimebakiza nusu kopo.

Sidonie amerudi tangu jana. Nilimwonyesha pale boti ilipokuwa, nikamwambia ni mshangao. Alichukua ndoo ya baba yake akaigeuza juu chini mlangoni, akakaa juu yake kutwa nzima. Sikupenda kumwona vile. Lakini furaha ya Alhamisi itafuta yote.

Jumatano, 14 Agosti

Achille amefika kutoka Kiringye na mfuko wa mchele na uso kama kesi. Anasema hajala samaki miezi mitatu na hana nguvu ya kubishana. Akauliza boti iko wapi. Nikasema Songo. Akauliza mara ya pili. Nikasema Songo.

Tumeirudisha leo jioni, wanaume walewale, kasiksi nyingine. Kuteremka ni rahisi kuliko kupanda, imetukimbia mara mbili. Imelala sasa ufukoni, tumbo juu, inang'aa. Watu wamekuja kuiona. Hata Noella amesema ni nzuri, na yeye hanipendi.

Achille aliizunguka akiwa amebeba mikono nyuma. Aliweka jicho kwenye mbao. Akamtazama dada yake. Sidonie akainama. Nadhani uzuri umewazidi.

Clovis, jioni hii hii, ameitoa boti yake. Ametupa mawe nje, ameyamwaga maji kwa beseni, ikapanda juu kama bata! Haiingizi hata tone. Kumbe aliizamisha mwenyewe, makusudi! Nimefikiri sana juu ya hili. Jibu ni moja: alikuwa anaficha rangi yake. Ana rangi ya siri chini, hakutaka niione.

Alhamisi, 15 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi misa ya Asompsio, Kupalizwa kwa Bikira Maria. Ngoga alikaa mbele yetu, na koti langu. Sidonie aliliona. Alilitazama mpaka komunyo, na baada ya komunyo akaendelea.

Mchana Uvira yote ilikuwa ufukoni. Nyimbo, ngoma, watoto, beseni mpya za ndagala. Katekista akapita akibariki boti moja moja. Alipofika kwa Amahoro akainyunyizia. Hayo ndiyo maji ya kwanza iliyoyaona tangu wiki moja. Ubao uliyanywa palepale, nilisikia.

Tukaigeuza. Tukaisukuma. Nilipanda mbele minye mwenyewe na shati jeupe, mkono juu, kama mtu wa picha. Achille nyuma na kasia. Sidonie kwenye maji mpaka magotini, na beseni yake kichwani, beseni ya samaki wa usiku wa kwanza.

Ilikwenda vizuri. Kwa muda mfupi kabisa ilikwenda vizuri, na naapa iliteleza.

Halafu maji yakaingia. Si tundu moja. Kila mahali! Katikati ya kila ubao na mwenzake, yakiimba. Rangi ilipasuka kwenye nafasi kama ngozi ya maziwa. Achille alipiga kelele nishuke. Sikushuka. Nilifikiri ikizoea itaacha. Nilisimama na mkono juu mpaka maji yakafika kifuani, Amahoro ikakaa chini taratibu, na watu wote wa Kilibula wakacheka. Mungu wangu, walivyocheka. Hata katekista.

Kisha wakaacha, wote pamoja. Nikageuka kuona kwa nini. Sidonie alikuwa ameketi chini mchangani, na beseni bado kichwani, akilia bila sauti kama siku tulipomzika mzee Pierre.

Achille aliogelea akamwendea dada yake. Akamwambia mbele ya watu: boti inakwenda Mboko. Shati lilikuwa limenishika mwilini.

Boti nyingine zote zimetoka. Taa zao ziko kule mbali, nyingi. Yetu iko chini.

Ijumaa, 16 Agosti

Sidonie amelala chumbani kwa Eliane. Nimekula bugali baridi peke yangu.

Asubuhi Clovis alikuja na kamba. Hakuja kwangu, alikuja kwa mke wangu. Akamwambia boti isitolewe. Waijaze mawe, waiache palepale chini, mbao zinywe maji mpaka zishibe, zitafungana zenyewe. Sidonie akajibu anajua, baba yake alifanya hivyo mwaka wa vita. Achille akasema ndivyo. Wakazungumza wote watatu juu ya kichwa changu kama minye ni kikapu.

Sidonie akamshika kaka yake mkono. Akamwomba. Alisema: "Achille, usinitolee baba mara ya pili." Achille akasema Amahoro ikipanda bila kuvuja, na ikivua Jumatatu tarehe 26, itabaki. Isipovua Jumatatu hiyo, Mboko, na hatasikiliza machozi ya mtu.

Wamechukua mfuko wangu wa pamba, wamezibia nafasi kubwa, kisha wamebeba mawe kutwa nzima, Sidonie pia. Nilitaka kusaidia. Wakaniambia nikae.

Alhamisi, 22 Agosti

Ninakaa.

Wote wana ndagala. Harufu ya ndagala zinazokauka iko kila uwanja isipokuwa wetu. Sidonie anasaidia kuanika za Clovis, analipwa kwa beseni dogo. Kila asubuhi anaingia majini, anagusa mbao za Amahoro kwa miguu, anatoka. Hajaniita jina lolote, wala Bonaventure wala Papa Eliane.

Nikipita watu wananiuliza kama Songo kuna samaki. Nimekonda. Nimewaza maisha yangu tangu mwanzo na sikuona mahali nilipokosea.

Jumamosi, 24 Agosti

Imepanda!

Walitupa mawe nje, wakamwaga maji, na Amahoro ikainuka yenyewe. Achille aliketi ndani mpaka jua likawa kali, na kitako chake kilibaki kikavu. Hakuna tone! Mbao zimefungana kama meno. Sidonie alicheka kwa sauti. Alimkumbatia kaka yake, akamkumbatia Clovis, akafika kwangu, akasimama, akanikumbatia minye pia. Aliniita Papa Eliane. Nililia mbele ya watu na sijali.

Wameifunga kwenye kigingi, iko majini, tayari kwa Jumatatu. Achille ameshawapata wavuvi wawili. Jioni tulikula mikeke, samaki wa kupewa na Clovis, na Sidonie akanipa kichwa. Nilikuwa sijala kichwa cha samaki tangu Mei. Kisha akanishika mkono na kusema ana ombi moja tu. "Usiiguse. Kesho nitashinda kanisani, kuna mkutano wa akina mama, Achille pia ana mambo yake. Usiiguse tu, Papa Eliane. Ni hilo tu." Nikaapa. Nimeapa kwa moyo wote. Nilikuwa mtu mwenye furaha.

Ila kabla ya giza nilikwenda kuitazama tu. Kuitazama si kugusa. Nikainama. Rangi imetoka vipande vipande! Mbao zilipovimba zimeitema. Na pale kwenye ubao mtupu, karibu na mkia, niliona kitu cha kijani. Kidogo. Laini. Ndevu!

Na palipobaki rangi? Hakuna ndevu. Kwa hiyo rangi inafanya kazi. Kumbe kosa halikuwa rangi kamwe. Kosa ni kwamba kopo lilisema tabaka mbili, na minye nilipaka moja.

Jumapili, 25 Agosti

Sikwenda misa. Nilisema tumbo linaniuma. Sidonie alinichemshia majani ya mpera kabla ya kuondoka, akanifunika shuka. Mke mwema sana.

Kiapo nimekitunza: sikuigusa. Walioibeba ni wanaume kumi na wawili, minye nilitangulia tu kuwaonyesha njia. Wakati huu watu hawakuimba. Walitoka milangoni, wakaangalia, wakarudi ndani. Mtu wa roulage alitutambua, akatupisha.

Niko Songo sasa, naandika nikiwa nimeegemea tofali la moto. Bahati iko upande wangu: wamewasha matanuru mawili, nimeiweka Amahoro katikati. Kesho saa sita itakuwa kavu, nitapaka tabaka la pili, jioni itakuwa majini kabla ya Achille kuuliza. Mbao zimeanza tena, kah, kah. Achille ataona boti inavyokwenda. Sidonie atajua kwamba alipolia nilikuwa nafikiria yeye tu.

Na safari hii nimeona mbali. Kabla ya kutoka nyumbani niliichukua ile ndoo ya baba yake, nimekuja nayo, na nimewapa watu wa tanuru wakorogee udongo.